Uani, Maji Kwanza

Akiba ndogo ya kutengeneza uani mara nyingi huliwa na mwanzo mbaya. Mwenye nyumba hununua miche ya maua kando ya barabara, akaongeza vyungu viwili vitatu na rangi ya ukuta, na fedha ikibaki humwaga zege kutoka mlango wa jikoni hadi chooni. Kwa wiki chache panapendeza. Mvua za masika zikifika, maji ya bati huchimba pembeni mwa zege, matope hurukia rangi mpya, miche huoza mizizi, na ifikapo mwezi wa saba pamerudi kuwa palepale pa zamani, ila akiba imekwisha. Hoja yangu katika makala hii ni moja: uani pa mtu wa kipato cha kawaida panatengenezeka na panapendeza kweli, iwapo fedha itaanzia kwenye njia ya maji, ikaenda kwenye kivuli, ikafuata udongo na mahali pa kukanyaga, na mapambo yakaja mwisho kabisa. Mpangilio huo ukivurugwa, hata fedha nyingi haitoshi.

Nyumba ninayoizungumzia ni ile ambayo Dar es Salaam, Tanga na miji mingi ya pwani huitwa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, kisha mlango wa nyuma unaofungukia uani penye jiko, stoo, bafu, choo na kamba za kuanikia nguo. Mgeni wa heshima huishia barazani. Maisha yenyewe yako nyuma. Ndiko nazi inakokunwa, samaki wanakoparwa, watoto wanakoogeshwa na wapangaji wanakopiga soga jioni. Wajenzi wa pwani waliupa uwanja wa namna hii uzito mkubwa tangu zamani: ukitembea katika magofu ya Gede karibu na Malindi, au ya Songo Mnara kusini mwa Tanzania, utakuta nyumba za mawe zikiuelekea uwanja wa ndani ulioshushwa chini kidogo, vyumba vikipata mwanga na hewa kutoka hapo. Lamu uwanja wa ndani ya nyumba huitwa kiwanda. Haukuwa kipande cha ardhi kilichobaki baada ya kujenga. Siku hizi fedha huenda kwenye geti, kwenye marumaru ya baraza, kwenye vioo vya madirisha ya mbele, na anayeamua matumizi hayo mara nyingi si yule anayeshinda uani. Mama anayepika juani miguu ikiwa topeni ndiye anayelipia uamuzi huo kila siku. Kwangu mimi hilo ni suala la haki kabla ya kuwa suala la urembo.

Tufanye hesabu, maana pasipo hesabu maji huonekana machache. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Chukua nyumba yenye paa la mita 10 kwa 12. Nusu ya paa inamwaga nyuma, yaani mita za mraba 60. Mvua ya milimita 50 kwa siku, ambayo pwani wakati wa masika si ajabu, inashusha uani lita 3,000 kutoka kwenye bati peke yake. Hizo ni ndoo 150 za lita 20, na bado hatujahesabu mvua inayoanguka uani penyewe. Maji hayo yakikosa njia hujitengenezea. Huchimba mfereji chini ya michirizi ya paa, hulowesha msingi hadi plasta ikaanza kubanduka na chumvi nyeupe ikatokeza ukutani, kisha hutuama mahali palipo chini kuliko pengine, ambapo katika nyumba nyingi ni mbele ya choo. Mche wowote uliopandwa na rangi yoyote iliyopakwa kabla ya kulitatua jambo hili imewekwa njiani mwa lita 3,000.

Kuyapa maji njia hakuhitaji mhandisi. Mafundi wetu hupima usawa kwa mpira wa plastiki unaoonyesha ndani: ukijazwa maji, maji ya ncha zake mbili husimama kimo kimoja daima. Kwa mpira huo, kamba na vigingi viwili vya mti utajua uani panainamia wapi. Lengo ni ardhi ishuke kutoka ukutani kwenda nje kwa sentimita 2 hivi kila mita, angalau kwa mita 2 za mwanzo, na hiyo ni kazi ya jembe na chepeo. Maji ya paa nayo yagawanywe. Fungu la kwanza lipite kwenye gata hadi kwenye pipa. Pipa la lita 200 chini ya paa lile hujaa kwa mvua isiyofika hata milimita 4, kwa hiyo hata manyunyu ya mchoo yana faida. Fungu la pili liende kwenye shimo la kunyonya lililojazwa vipande vya matofali na zege la kubomolewa. Shimo la mita 1 kila upande, likishajazwa hivyo, hubaki na uwazi wa kama theluthi, yaani lita 300 na ushei, na kwenye ardhi ya kichanga huendelea kunyonya huku mvua ikinyesha. Fungu la tatu, pamoja na maji ya bafuni, lipelekwe kwa migomba: duara la upana wa mita 1 na kina cha sentimita 60, udongo umepangwa ukingoni, ndani majani makavu na maganda ya jikoni, na migomba mitatu imepandwa juu ya ukingo. Mgomba hupenda maji na hupenda taka zinazooza, vitu viwili ambavyo kila uani pana tele. Maji yenye dawa kali ya kung'arisha nguo tu ndiyo yasifike hapo. Mvua kubwa ikizidi mafungu yote matatu, ziada ifuate mteremko hadi mtaro wa mtaa, isiachiwe ukuta wa jirani.

Kabla ya kuchimba shimo kubwa, ipime ardhi kwa shimo dogo la kina cha sentimita 30. Lijaze maji, yakishanywea lijaze tena. Yakitoweka ndani ya saa moja au mbili, ardhi inanyonya. Ukiyakuta bado yamo asubuhi, basi una udongo wa mfinyanzi au maji ya ardhini yako karibu, na shimo la kunyonya litakuwa kidimbwi tu. Hapo tegemea mteremko, mtaro na migomba. Popote uchimbapo, ondoka mita 3 hivi kutoka ukuta wa nyumba, na kaa mbali na kisima na shimo la choo.

Mtu wa Dar es Salaam atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama pipa la maji halitaleta mbu. Jiji hili lilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wanaoieneza, wale weusi wenye mabaka meupe miguuni wanaouma mchana, huzaliana katika maji safi yaliyotuama ndani ya vyombo: ndoo, makopo, matairi, visahani vya vyungu vya maua. Katika joto letu yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku 10 hivi. Lakini ukiitazama orodha hiyo vizuri, utaona ni orodha ya vitu vilivyozagaa uani pasipotengenezwa. Pipa lenye mfuniko, au lililofungwa kipande cha chandarua mdomoni, ni salama kuliko kopo moja lililosahauliwa nyuma ya stoo. Watu wa Lamu walikuwa na maarifa yao: katika birika za nyumba za mawe waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Tairi lililopakwa rangi likageuzwa chungu, ambalo siku hizi linapendwa sana, litobolewe matundu chini na lijazwe udongo hadi juu. Likiachwa hivi hivi ni kitalu cha mbu kilichopambwa.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni ya saruji. Wengi wataniambia: kwa nini kuhangaika na mteremko na migomba, wakati zege humaliza matope, nyoka na vumbi kwa mara moja, huoshwa kwa ndoo ya maji, na halina funza wa kuwaingia watoto miguuni? Hoja hii siidharau. Mbele ya choo, bafuni, chini ya bomba na pale samaki wanapoparwa, zege ndilo jibu, na fedha ya mahali hapo isikwepwe. Tatizo ni kumwaga uani kote. Uani penye mita za mraba 50 zilizo wazi, zege la unene wa sentimita 7.5 ni karibu mita 4 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, ni mifuko ipatayo 24 ya kilo 50, bila mchanga, kokoto, maji na fundi. Ukimwaga mita 10 za mraba tu, zile zinazohitaji kweli, mifuko 5 inatosha. Mifuko 19 iliyobaki ni gata, pipa, miche, chokaa na vibarua, na bado chenji itarudi mfukoni.

Zege la kote lina deni la pili, na hilo hulipwa baada ya fundi kuondoka. Mvua ile ya milimita 50 ikiangukia mita za mraba 50 zilizozibwa ni lita 2,500 ambazo ardhi ingenyonya sehemu yake kubwa. Sasa zote zinatafuta pa kwenda, nazo humwendea jirani wa chini. Mitaa yetu mingi hujaa maji siku hizi kwa sababu kila nyumba imeziba ardhi yake na kumsukumia mwenzake. Deni la tatu ni joto. Zege hunywa jua kutwa nzima na kulirudisha usiku, wakati madirisha ya vyumba vya nyuma yamefunguliwa yakisubiri upepo. Familia inanunua feni ya kupambana na joto ililojitengenezea yenyewe.

Ndiyo maana kivuli kinafuata maji. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta. Jua la mchana huwa karibu na utosi sehemu kubwa ya mwaka, na saa tisa alasiri hupiga ukuta wa magharibi kwa ukali wote. Mti hupoza kwa njia mbili: huzuia jua lisifike ardhini, na hutoa maji kupitia majani yake, jambo ambalo bati la kibanda haliwezi kulifanya. Kipingamizi cha kawaida ni kwamba mti huchelewa. Ni kweli kwa mwembe. Lakini kivuli kinaweza kupangwa kwa awamu. Kibanda cha makuti juu ya nguzo nne kinasimama kwa siku moja, kikakupa kivuli cha miaka michache kabla ya kuhitaji makuti mapya. Pasheni ya njano, ambayo huvumilia joto la pwani kuliko ile ya zambarau inayopenda nyanda za juu, hutambaa juu ya kamba na fito na kwa kawaida huzaa ndani ya mwaka. Mpapai nao hauchelewi. Panda miche mitatu shimo moja, subiri ichanue, kisha ung'oe madume na uache jike moja; mipapai dume ndiyo inayowakatisha watu tamaa, wakidhani udongo wao haufai.

Wakati hayo yakikua, mti wa kudumu unapata nafasi ya kujijenga. Mmoja tu, upande wa magharibi, na uchaguliwe kwa busara. Mwembe, mkungu na mwarobaini ni miti mizuri yenye mizizi na matawi makubwa. Uani padogo miti hiyo huishia kuinua zege, kuziba gata kwa majani na kusogelea shimo la choo. Mdimu, mkomamanga au mstafeli hukaa kwa adabu mahali padogo na huleta kitu mezani. Mwarobaini umesifiwa kwa dawa zake hadi ukapewa jina la magonjwa arobaini, lakini sifa za dawa hazipunguzi ukubwa wa mti.

Juu ya udongo nina neno ambalo huenda lisipendeze. Kufagia uani kila asubuhi kwa ufagio wa chelewa ni desturi ya heshima, na mwenye uani pasipofagiwa husemwa. Lakini ufagio huondoa zaidi ya majani. Kila siku huchukua vumbi jembamba la juu, ambalo ndilo udongo wenye rutuba, na mvua humalizia. Tazama misingi ya nyumba za zamani mtaani: mara nyingi utaona mstari wa rangi juu na chini yake sentimita 20 au 30 za mawe na tofali lililo wazi. Huo ulikuwa udongo. Atakayesema kwamba majani yakiachwa huficha nyoka na nge yuko sahihi, nami sipendekezi uani pageuke kichaka. Sehemu ya katikati, wanapocheza watoto, ifagiwe kama kawaida. Ukingoni, upana wa nusu mita kando ya ukuta wa uzio, ufagio usifike. Pafunikwe makumbi ya nazi, majani makavu au pumba za mpunga, na hapo ndipo mimea ikae. Yale majani yanayochomwa jioni na kuwafukiza moshi watoto wenye vikohozi yalundikwe pembeni pamoja na maganda ya mboga na maji kidogo, yapinduliwe kila baada ya wiki mbili, na baada ya miezi mitatu minne ni mboji. Mfuko wa samadi hununuliwa kwa fedha. Mboji hii haina bei.

Mahali pa kukanyaga hapahitaji maneno mengi. Njia ya kutoka mlangoni hadi chooni na hadi kambani itandikwe kokoto, au vipande vya marumaru na zege vinavyotupwa mahali panapojengwa, vikakaziwa kwenye mchanga. Mafundi huvigawa bure ili waondolewe kifusi. Kingo zishikwe kwa matofali yaliyovunjika au vifuu vya nazi vilivyopangwa mdomo chini, visije vikashika maji. Njia ikishakuwepo, watu huifuata wenyewe na mimea hupona miguu.

Mapambo sasa, na yamebaki kuwa rahisi. Chokaa nyeupe juu ya ukuta wa uzio hung'arisha uani pote na hurudisha mwanga jikoni. Asmini hutoka kwenye kipande cha tawi la jirani, na boganvilia vivyo hivyo; mrehani huota kwa mbegu au kwa kikonyo kilichowekwa ndani ya glasi ya maji. Mchaichai hugawanywa shina kwa shina, na ukiupanda ukingoni mwa mteremko hushika udongo huku ukitia harufu chai ya asubuhi. Mimea ya namna hii pwani yetu haijawahi kuwa bidhaa ya duka kwanza; imekuwa ikipita mkono kwa mkono kupitia milango ya nyuma.

Mpangaji ataniuliza kwa nini atengeneze uani pa mtu mwingine, akapandishiwa kodi au akahamishwa kesho. Swali ni zito, kwa kuwa nyumba nyingi za namna hii zina wapangaji wa familia nne au tano. Nadhani mgawanyo wa haki ni huu: kazi inayolinda jengo, yaani mteremko, gata na shimo, ni ya mwenye nyumba, kwani msingi unaooza ni wake; wapangaji wamwonyeshe hesabu ya lita 3,000 na kuomba gharama ikatwe kwenye kodi, tena kwa maandishi. Kinachohamishika ni cha mpangaji. Mchicha, bilinganya, pilipili na mrehani hustawi kwenye ndoo iliyotoboka na kwenye viroba, navyo hupanda mkokoteni siku ya kuhama. Zamu ya kumwagilia na kupindua mboji iwekwe kama ile ya kuosha choo, la sivyo itamwangukia mwanamke mmoja mwenye huruma.

Kuna mahali ambapo ushauri huu haufai, nami sitaki mtu atumie akiba yake kwa maneno yangu. Walio bondeni, kama waliozamishwa na mafuriko ya Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam Desemba 2011, hawapambani na maji ya bati lao. Wanapambana na mto, na mto hautulizwi kwa migomba mitatu. Wengine wote wana kalenda mbele yao. Vuli huanza Oktoba, masika Machi. Ardhi ikauke ndipo ichimbwe, na miche ipandwe mvua zinapoanza ili wiki za mwanzo zimwagiliwe bure. Basi, ndugu msomaji, mvua itakayofuata toka nje na mwamvuli, usimame uani robo saa na uangalie maji yanatokea wapi na yanaishia wapi. Pachomeke kijiti pale yanapotuama. Fedha yako ya kwanza ianzie hapo.